Kambini wananiita mtu wao, ofisini mimi ni mgeni

Barua

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa Kasulu, mkoani Kigoma, nina miaka 31. Nimesomea ustawi wa jamii. Tangu mwaka jana nipo Malawi, nimeajiriwa na shirika lisilo la kiserikali linalohudumia wakimbizi wa kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa. Nimepanga Lilongwe, na kila siku ya kazi gari la ofisi linatupitia asubuhi mapema kwa safari ya kilomita kama 45 hadi kambini. Kazi yangu ni watoto waliobaki bila wazazi: kutafuta ndugu zao, kukagua familia zinazowalea, kufuatilia shule na matibabu.

Maisha ya kawaida nimeyazoea. Nsima yao ni laini kuliko ugali wa kwetu, lakini kwa chambo, samaki wa ziwani, wa kukaanga inashuka vizuri. Nimejua kwamba ukiuliza mtaa Lilongwe utajibiwa kwa namba, Area 25, Area 47, na namba zinazofuatana si lazima mitaa yake ipakane. Foleni za petroli nimezizoea, umeme kukatika nimeuzoea. Bei zinapanda kabla mshahara haujaingia. Wenzangu wa hapa wanasema hawajapumua tangu kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023.

Tatizo langu liko kwingine. Wakazi wengi wa Dzaleka ni Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda. Sokoni, kanisani na kwenye foleni ya kliniki kinachosikika zaidi ni Kiswahili. Wenzangu wa Malawi wanamhitaji mkalimani ili wazungumze na familia, mimi simhitaji. Zaidi ya hapo mimi ni Mha, na kama unavyojua Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mwanzoni kabisa nilimsalimia bibi mmoja wa Kirundi kwa lugha yake, akanishika mkono akakataa kuuachia. Habari zikasambaa kambi nzima.

Sasa watu wanamruka mkalimani na wenzangu wote, wanakuja kwangu. Wananisubiri getini na barua, na vyeti vya hospitali, na picha za watoto. Namba yangu ya simu sijui waliipata wapi, inaita hadi saa nne usiku. Wananiita dada, wengine mama, wengine "wa kwetu". Wananiletea sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa. Jumapili moja mama mmoja alikuja mpaka nyumbani kwangu Lilongwe na watoto watatu, kwa minibasi, bila kibali cha kutoka kambini. Nilimkaribisha chai huku moyo unadunda, nikiwaza polisi wakiwakamata njiani itakuwaje.

Ofisini hali ni kinyume. Vikao vinaanza kwa Kiingereza, katikati vinahamia Chichewa, uamuzi unafanyika, mimi nimekaa. Dada mmoja tuliyekuwa tunakula pamoja mchana siku hizi anakula na wengine. Kuna utani wa ziwa pia, si unajua sisi tunaliita Nyasa na wao Ziwa Malawi, na mpaka haujaafikiwa: "Mlitaka ziwa, sasa mmekuja kuchukua na kazi." Nacheka, lakini unaniuma, kwa sababu mimi nina posho ya nyumba na wao hawana, na kazi ninayofanya naona yupo anayeweza kuifanya miongoni mwao. Msimamizi wangu aliniambia mbele ya watu kwamba nimekuwa "wa upande wa wakimbizi".

Shangazi, hayo yote ningeyavumilia. Linaloninyima usingizi ni hili. Mwezi uliopita tulikaa na mama mmoja wa Uvira, Kongo, anayelea watoto wawili wa marehemu dada yake. Tulikuwa mimi, mwenzangu wa Malawi, na mkalimani, ambaye naye ni mkimbizi na analipwa posho ndogo. Mwenzangu ndiye aliyekuwa akiongoza mahojiano. Alipouliza habari za shule, mama akajibu, halafu akaongeza kwamba kuna mtu amemwambia atoe fedha ili majina ya wale watoto yaingie kwenye orodha ya kupelekwa nchi ya tatu, yaani nchi nyingine itakayowapokea wakaishi huko. Alisema: "Ule mutu ananiomba feza, na mimi sina feza ya kumupa." Mkalimani akamwambia mwenzangu kwamba mama ana shida ya fedha. Mwenzangu akaandika hivyo, tukaendelea. Mimi nilinyamaza. Mama alinitazama, na anajua kwamba nilisikia.

Yule mkalimani ni mtu mzuri, amekaa kambini miaka mingi na ana familia. Sijui kama alificha, au alifupisha tu, au aliogopa. Nikisema, anaweza kupoteza posho yake au kudhuriwa. Nikisema, ofisini watasema unaona, ni wa upande wao. Mkataba wangu unakwisha baada ya miezi michache na anayependekeza wa kuongezewa ni msimamizi huyohuyo. Nyumbani Kasulu mama yangu na wadogo zangu wanaitegemea hela hii. Na mama wa Uvira ananipigia: "Dada, ulifikisha?"

Nifanyeje?

Mha wa Dowa, Malawi

Jibu la Shangazi

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na mama wa Uvira. Mengine yatasubiri.

Ulinyamaza pale kikaoni, na ulifanya vizuri. Kama ungemkatiza mkalimani na kurudia kwa sauti alichosema mama, ungekuwa umelitangaza jambo lake mbele ya watu ambao yeye hakuwachagua, katika kambi ambayo ukuta wa nyumba moja ni ukuta wa jirani. Lakini tangu siku ile umekuwa mtu pekee mwenye mshahara wa shirika anayejua kwamba mama huyu anadaiwa rushwa kwa ajili ya watoto yatima. Hilo huwezi kuendelea kulilalia. Lifikishe wiki hii.

Ngoja niseme kwa nini nalishikilia kiasi hiki, kwa faida ya wasomaji wengine pia. Dzaleka ilifunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa enzi za Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi. Ilipangiwa watu elfu kumi hivi, leo ina zaidi ya elfu hamsini. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake, likiwamo la ajira na la kutembea nje ya kambi, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Kwa hiyo mtu hawezi kuajiriwa, hawezi kuhama, na kwao kuna vita. Nchi ya tatu inabaki kuwa mlango pekee anaouona. Nao ni mwembamba mno: kati ya wakimbizi wote duniani, kwa mwaka hawafiki hata mmoja katika mia wanaopata nafasi hiyo. Watu wa Dzaleka walikuwa wakienda Marekani, Kanada, Australia. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na familia zilizokwisha kupimwa afya na kuagwa katika nchi mbalimbali zikabaki na mabegi yao.

Hapo ndipo matapeli wanaponenepa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, limesema mara nyingi kwamba huduma zake zote ni bure, na uamuzi wa mwisho wa nani aingie nchini ni wa serikali inayopokea. Anayemdai mama yule fedha pengine hana mkono wowote kwenye orodha hiyo. Au pengine anao, na hilo ni baya zaidi. Kulibaini si kazi yako. Kazi yako ni kulifikisha kwa wenye dhamana ya kulichunguza.

Nilikuwa Ngara mwaka 1994, nikiwa msichana mdogo kuliko wewe, ule mwisho wa Aprili ambapo UNHCR ilikadiria kwamba watu robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 na kambi ya Benaco ikazaliwa. Niliona kadi za chakula zikiuzwa. Niliona pia kwamba waliokuja kutuambia walikuwa akina mama, na walituambia pembeni, kwa maneno machache, katikati ya mazungumzo mengine, kama huyu wako alivyofanya. Mtu haji na malalamiko yake ameyapanga. Anayaachia, halafu anakutazama aone utayaokota.

Basi fanya hivi. Leo hii kaa uandike ulichosikia, kwa maneno aliyoyatumia yeye, tarehe, mahali na nani walikuwepo. Usiongeze dhana yako. Kuhusu ukalimani andika tu kwamba maelezo hayo hayakufika kwenye kumbukumbu za kikao, basi. Usiandike "alificha", kwa sababu hujui. Kisha mtafute mama, mahali pa faragha ambapo kumuona hakutazamwi na foleni nzima. Ziara ya kawaida ya kukagua watoto inatosha. Mwambie ulimsikia. Mwambie wewe kama mwajiriwa unalazimika kuripoti kwamba kuna mtu anadai fedha, lakini jina lake na la watoto linaweza kubaki nje ya ripoti asipotaka litajwe. Muulize kama huyo mtu anaishi karibu naye na kama anamwogopa. Usimhoji zaidi ya hapo. Wapelelezi watamhoji, na kila mara anapolazimika kulirudia simulizi lile kwa mtu mpya anaumia upya, na wewe umesomea hayo kuliko mimi. Muhimu kuliko yote, mwambie waziwazi kwamba taarifa hii haitaharakisha wala kuchelewesha faili la watoto. Usimwachie tumaini usiloweza kulitimiza, hata kama kumnyima tumaini hilo kunakuuma.

Ripoti yenyewe ipeleke kwa mtu au ofisi ambayo shirika lako limeteua kupokea malalamiko ya rushwa na unyanyasaji. Kila shirika linalopokea fedha za wafadhili wakubwa linayo, hata kama bango lake limening'inizwa nyuma ya mlango. Usiipeleke kwa msimamizi ukamwachia aamue kama iende mbele. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Na kama dalili zinaelekea kwa mtu wa UNHCR au wa shirika linalofanya kazi chini yake, ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa UNHCR iliyoko Geneva hupokea taarifa moja kwa moja kutoka kwa mtu yeyote, akiwemo mkimbizi mwenyewe. Baki na ushahidi kwamba ulituma, pamoja na tarehe. Nakala zenye majina ya watu usizihifadhi kwenye simu yako binafsi.

Sasa mkalimani. Nakuomba umwendee taratibu sana. Wewe ikifika jioni unapanda gari unarudi Lilongwe. Yeye analala palepale, na kama mtu anayeuza majina ana nguvu kambini, mkalimani anamjua kwa sura na anajua watoto wake wanapita wapi kwenda shule. Inawezekana aliogopa. Inawezekana pia alichoka. Kukalimani tangu asubuhi hadi alasiri bila kupumzika ni kazi ya kumaliza kichwa, na aliyechoka hufupisha. Mkalimani mwema anaweza kupoteza sentensi kwa sababu zote mbili, na bado ukabaki na mfumo mbovu unaomlazimisha mama wa Uvira kusema siri zake mbele ya jirani yake.

Mfumo huo ndio unaoweza kuugusa bila kumgusa yeye. Pendekeza ofisini kwamba mahojiano yakalimaniwe sentensi kwa sentensi, kwamba mkalimani apumzike, asaini kiapo cha kutunza siri na kupewa mafunzo, na kwamba kila mhojiwa aulizwe mwanzoni kama anamkubali huyu mkalimani. Kwa watu wa Kivu na Burundi swali hilo si la adabu tu. Kabila la anayekalimani, alikotoka na ndugu zake vinaweza kuamua kama mtu atafungua kinywa. Pendekezo likija kama utaratibu wa wote, halimwoneshi mtu kidole.

Na kuna jambo la upande wako. Hata kama habari za Kirundi chako zimesambaa, si lazima kila anayeketi nawe anazo. Tangu sasa, kila kikao unachokaa, anza kwa kusema: mimi ni Mtanzania, nasikia Kiswahili, nasikia na Kirundi. Sema mbele ya wote, mkalimani akiwepo. Watu wana haki ya kujua nani chumbani anawaelewa kabla hawajaanza kuzungumza. Aidha, mwombe msimamizi akubali kimaandishi kwamba familia zinazosema Kiswahili zilizo kwenye faili zako mwenyewe utazungumza nazo bila mkalimani, na kwamba kwenye vikao vya wenzako mkalimani anabaki kuwa yeye. Akija mtu kukuomba umruke, mrudishe kwake kwa heshima, mbele ya macho yake. Posho ile ni ndogo, lakini kwa mtu asiyeruhusiwa kuajiriwa popote ndiyo jina lake na hadhi yake, na wewe bila kutaka umeanza kuimega.

Wanaokusubiri getini nimewaonea huruma wao na wewe pia. Lakini hebu fikiria wasiosubiri. Kambini humo kuna Wahabeshi na Wasomali wachache, na hawakuiti dada kwa sababu hawana lugha ya kukuitia. Kila robo saa unayotoa getini kwa anayejua Kiswahili umeichukua kwa mtoto asiyekijua. Simu ya kazi izimwe jioni. Anayepiga usiku kwa dharura apewe namba ya dharura ya shirika, na kama haipo, hilo liwe pendekezo lako jingine. Yule mama wa Jumapili umweleze, na wengine wasikie, kwamba kuja kwako bila kibali kunamweka yeye hatarini na hakumpatii chochote ambacho asingekipata Jumatatu kambini. Hela yako ya mfukoni usimpe mtu, hata nauli. Ukimpa mmoja, kesho atakayekosa atasema una wako, na hapo hutakuwa na la kujitetea. Sombe ile kula palepale, pamoja na wenzako wa Malawi, wakiona sahani na aliyeileta. Ukikataa chakula cha mtu aliyekipunguza kwenye mgao wake umemdhalilisha. Ukikibeba kwenda nacho nyumbani umefungua mlango mwingine.

Sikubaliani nawe mahali pamoja, mwanangu. Umeandika kama kwamba kambini una watu na ofisini huna. Mimi naona umewasahau watu unaowajua tangu utotoni. Umekulia Kasulu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo hapo jirani tangu 1996. Unajua watu wa vijiji vya kando wanavyosema kuhusu kuni, kuhusu mashamba, kuhusu magari meupe yanayopita yakiwaacha wao kwenye vumbi na mgonjwa mgongoni. Huwezi kusema watu wa Kasulu wana roho mbaya. Wamechoka, na wameona msaada ukipita mlangoni kwao. Wenzako wa ofisini ni watu wa Dowa, wa Salima, wa Lilongwe vijijini, na kila Jumapili shangazi zao wanawauliza maswali yaleyale. Kisha Jumatatu wanakaa na Mtanzania mwenye posho ya nyumba ambaye wakimbizi wanamshangilia. Waelewe kwa kichwa ulichoelewea watu wa kwenu.

Kwa hiyo jifunze Chichewa. Simaanishi maneno ya sokoni. Tafuta mwalimu, mlipe, kaa darasani jioni. Kwa Mha anayejua Kiswahili, lugha ile haina umbali wa kutisha, na siku utakapochangia kikaoni kwa Chichewa kibovu watahangaika kukusahihisha, na katika kusahihishwa utakuwa umeingia. Wasalimie wakubwa kwa kupiga magoti kidogo na viganja kama wanavyofanya wao. Msiba ukitokea kwa mfanyakazi mwenzako, nenda, hata kama ni kijijini kwa siku nzima. Kwao kama kwetu, asiyefika msibani anakumbukwa. Ukialikwa harusi, chenji noti ndogondogo mapema, kwa sababu MC atakapoanza kuita perekani-perekani utatakiwa uinuke ucheze na kutunza, na si mara moja. Suala la ziwa liache. Serikali mbili zinalo mezani, na hakuna jibu lako litakalomfurahisha aliyekutania.

Kuhusu posho ya nyumba, usijitetee na usijionee haya. Kibali cha kazi cha muda kwa kawaida hupewa mgeni kwa hoja kwamba ana ujuzi ambao haukupatikana kirahisi nchini. Wewe mwenyewe umeandika kwamba yupo anayeweza kuifanya kazi yako. Basi mfundishe huyo, kwa mpango ulioandikwa, akuandikie ripoti na jina lake likae juu. Yule dada mliyekuwa mnakula pamoja angekuwa wa kwanza kumfikiria. Sisemi hivi ili akupende. Nasema kwa sababu watoto wa Dzaleka watakuwepo baada ya mkataba wako, na yeye pia atakuwepo.

Msimamizi umuone peke yenu, baada ya ripoti kwenda, si kabla. Neno lake la "upande" mjibu kwa utulivu: mwambie unaelewa lugha yao na unataka ielekezwe vizuri, kisha mwekee mezani yale mapendekezo ya ukalimani. Mtu aliyekutuhumu kwa upendeleo atapata shida kukupinga ukiwa unaomba utaratibu unaowafunga wote, ukiwemo wewe.

Utaniuliza, je, akininyima mkataba? Anaweza. Sera za mashirika zinasema anayetoa taarifa alindwe, na zipo zilizolinda watu na zipo zilizobaki karatasi. Siwezi kukuahidi. Ila kwa jinsi fedha za wafadhili zilivyokatwa mwaka 2025, mkataba wako haukuwa salama hata kama ungenyamaza, na hilo mama yako Kasulu anapaswa kulijua sasa, kutoka kinywani mwako, pamoja na tarehe ya mwisho. Mtumie kiasi kimoja kila mwezi kisichopanda. Kinachobaki kiwe akiba ya miezi mitatu na nauli ya basi hadi Songwe na kuendelea mpaka kwenu. Mwajiriwa mwenye nauli yake mfukoni anazungumza na msimamizi kwa sauti nyingine.

Limebaki moja. Mama wa Uvira anaweza kukwambia: dada, acha, nisahau, sitaki matatizo. Ana haki hiyo, usimshurutishe. Hapo ripoti yako itasema kwamba kambini kuna mtu anadai fedha kwa walezi wa watoto yatima kwa kisingizio cha nchi ya tatu, bila nyumba, bila umri wa watoto, bila tarehe ya kikao, bila chochote kinachomrudisha mtu kwake. Omba kwamba tangazo la huduma kuwa bure lirudiwe kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda kwenye vituo vya maji, kliniki na makanisa, ili lisionekane limetokana na mtu mmoja. Mwachie namba ya malalamiko, mwoneshe jinsi ya kupiga bila kutaja jina, na uendelee kuwakagua watoto kwa ratiba ileile, usiongeze ziara wala kupunguza.

Shangazi yako